Mzee Kobelo Anauza Ukulele

Mzee Kobelo alipanda Noah, gari dogo la abiria, ya kutoka Mlali akiwa amepakata ukulele yake, kigitaa cha nyuzi nne alichoipigia kwaya ya kigango kwa miaka ishirini. Sasa kwaya imenunua kinanda cha umeme, na mzee ameapa mbele ya mkewe kwamba leo ukulele hairudi nyumbani.

"Shikamoo baba. Inauzwa hiyo?" aliuliza Mwanahawa, muuza karoti aliyeketi kando yake. "Mwanangu anakililia kitu kama hicho kila siku."

"Marahaba. Inauzwa," alisema mzee, akaivuta karibu na tumbo. "Ila ina ufa mgongoni."

"Ufa si kitu."

"Na nyuzi si zake. Ni mshipi wa kuvulia samaki."

"Si inalia lakini?"

"Inalia. Mvua ikinyesha inanuna, mpaka uikalishe jikoni, tena si karibu sana na moto." Aliiponda mali yake kwa bidii ambayo wachuuzi wengine huitumia kusifia. "Huyo mwanao huwa ananawa mikono?"

"Baba, unauza ukulele au unaozesha binti?"

"Nauza," alisema mzee, kwa ukali kidogo.

Noah ikasimama mjini. Mwanahawa alishusha karoti zake, akanyoosha mkono. Mzee akasema hawezi kumkabidhi mtu ukulele ambayo sauti zake hazijapatana, asubiri kidogo tu. Akainamisha sikio, akaanza kukaza uzi wa kwanza, taratibu, huku dereva akimkumbusha kwamba abiria wote wameshashuka.