Gibson Kipkurui, Mlinzi wa Papa kutoka Chebunyo

Gibson Kipkurui alizaliwa tarehe 12 Aprili 1979 hapa Chebunyo, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mathew na Mama Chemutai. Mimi ninayesoma ni Chepchumba, dada yake mkubwa. Niliombwa nisome maneno machache na matamu. Aliyeniomba tutamfikia.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, kisha sekondari huko Sigor, akamaliza mwaka wa 1997. Akiwa darasa la tano, ng'ombe wetu aliibwa. Baba alimshika mkono, wakazunguka soko la Sigor mpaka wakakuta ngozi ya rangi ile ile imeanikwa nyuma ya bucha, masikio yamekatwa. Nyote mnajua alama ya mwenye ng'ombe hukaa sikioni. Mwenye bucha alisema ni panya wamekula. Baba alicheka, kisha akaenda kumwita chifu. Tangu siku hiyo marehemu hakuamini kitu chochote kilicholetwa kwake kikiwa kimepunguzwa. Hata kuku wa Krismasi alitaka kwanza aonyeshwe kichwa chake.

Mwaka wa 2004 aliajiriwa kuwa afisa wa uvuvi, akakagua vidimbwi vya samaki Bomet na Kericho hadi 2016, alipohamishiwa Pwani. Mama hakufurahi. Alimwuliza, "Huyo papa si anakula watu? Sasa serikali inamlinda amalize nani?" Marehemu akamjibu, "Mama, papa ndiye anaisha. Wanamkata mapezi wauze ng'ambo, mwili wanatupa baharini." Sheria aliyoisimamia ilitaka papa afikishwe nchi kavu mapezi yake yakiwa mwilini, ili afisa aone kama ni wa aina iliyokatazwa kuvuliwa. Alituambia haikumpa taabu kuielewa. Kwake ilikuwa ni ile ngozi ya Sigor na masikio yake.

Tarehe 15 Desemba 2007 alifunga ndoa na Mellen Bonareri kanisani Kaplong. Wakwe zetu kutoka Kisii walimpenda, ingawa alifunua sufuria zote kabla ya kula. Mellen anasema miaka yote hiyo mumewe alimwuliza ametoka wapi, hata alipotoka kuchuma chai na kikapu kiko mgongoni. Lakini ni huyo huyo aliyefua nguo za watoto bila kuambiwa, na kila likizo aliingia shambani akachuma naye majani mpaka jioni. Nilimpenda sana ndugu yangu.

Januari mwaka huu, yeye na mwenzake Oketch walisimamisha lori lililosemekana limebeba dagaa. Chini ya dagaa kulikuwa na magunia ya mapezi makavu. Kesi iko kortini, na marehemu ndiye alikuwa shahidi wa kwanza. Tarehe 17 Mei alikutwa majini, kando ya gati, amefariki. Tuliambiwa presha ilipanda akaanguka. Sisi tunajua kwamba Aprili, alipokuja kupanda mahindi, alipimwa hospitali ya Kaplong na presha ilikuwa sawa. Na mtu asiyejua kuogelea, aliyeogopa hata mto wetu huu, alifuata nini gatini jioni peke yake? Sampuli zilichukuliwa, majibu bado. Kwa hiyo kwenye programu mliyoshika, mahali pa sababu ya kifo tumepaacha wazi. Mpiga chapa hakukosea.

Juzi Alhamisi alifika mgeni na pikapu, akajiita Gordon, rafiki wa marehemu. Mellen hakumjua. Oketch naye hakumjua. Alileta nyama ya ng'ombe mzima kwa ajili ya matanga, akanivuta kando. "Mama, kwa programu mseme tu alikuwa mtumishi mwema. Hiyo mambo ya papa na kesi itawaletea shida. Wacheni iende na yeye."

Mzee Jonah, ndugu wa baba, alikuwa tayari anamshukuru huku akifunua turubai.

"Asante, kijana. Na kichwa iko wapi?"

"Tuliacha kwa bucha, mzee."

"Na ngozi?"

"Hiyo pia."

"Bucha gani?"

Mgeni akaangalia simu yake. Kwetu ng'ombe wa matanga huja akitembea, au huja na ngozi yake watu waione. Mzee Jonah alirudisha turubai, akafunga kamba vizuri. "Rudi nayo yote," akasema. Kwa hiyo leo mtakula githeri, mahindi na maharagwe tu, mtusamehe.

Marehemu ameacha mama yake, Chemutai. Mjane wake, Mellen. Watoto wawili, Cheptoo na Zack. Mimi dada yake. Na kesi itakayosikilizwa tarehe 24 Juni. Oketch yuko pale karibu na jeneza. Sasa ndiye shahidi aliyebaki. Oketch, hutaenda peke yako. Tutakaa nyuma yako sote, na Mama atakuja, yeye ambaye hajawahi kuona bahari. Kama yule mgeni amejichanganya na waombolezaji, amwambie aliyemtuma kwamba tumesoma yote.

Kipkurui apumzike kwa amani. Sisi tutapumzika baadaye.