Miaka Thelathini na Moja ya Bo Namakau Akiingoja Mashine

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Muuguzi Namakau Sitali, ambaye sote hapa humwita kwa heshima Bo Namakau, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni. Katika miaka yote hiyo alichukua siku mbili tu za ugonjwa, na zote mbili alionekana zahanati akikagua kama tumefagia.

Alipoajiriwa hapa Nalikena, mashine ya kupiga picha ya matiti iliyokuwa karibu zaidi nasi ilikuwa Lusaka: mtumbwi hadi Mongu, kisha basi la kutwa nzima. Iko hukohuko hadi leo. Bo Namakau aliwafundisha wanawake wa Bonde, tambarare yetu ya mto inayofurika kila mwaka, kujipapasa kwa vidole, na waliojitia haya aliwapasha: "Ng'ombe wa jirani unawajua wote kwa mabaka, titi lako mwenyewe hulijui?" Walicheka, wakafungua vifungo.

Lakini vidole hugundua kile kilichokwisha kukua. Alilijua hilo na lilimuuma, kwa hiyo kila mwaka aliandika barua kuomba mashine. Mwaka wa tisa wakubwa walikubali kutuma gari lenye mashine kwa siku tatu. Aliomba lije Aprili, mafuriko yakiwa yamejaa, kwa sababu ndipo wanawake wote huwa wamehamia huku juu, wamebanana nyumba kwa nyumba. Huko Lusaka mtu aliona mama huyu amekosea; nani hualika gari wakati wa mafuriko? Akasahihisha, akaandika Agosti. Agosti wanawake wamesharudi chini bondeni kwenye mifugo na mashamba yao. Walipimwa kumi na mmoja. Ripoti ikasema wanawake wa Bonde hawana mwamko, na gari halikuja tena.

Sijawahi kumwona amekasirika kama siku ripoti hiyo ilipotufikia. "Nasilele," aliniambia, "mwamko tunao. Hakuna aliyetuuliza maji yako wapi." Kisha akaketi kuandika barua nyingine.

Zahanati yetu hupewa nafasi mbili kwa mwaka za kwenda kupimwa Lusaka. Mara nne jina lake lilifika juu ya orodha, na mara nne alilifuta akaandika la mwenzake. "Mimi bado nipo," alikuwa akisema.

Machi mwaka huu aliniita chumba cha uchunguzi, akafunga mlango, akanitaka nimpapase kama alivyonifundisha. Niliukuta kwenye titi la kushoto, uvimbe mdogo kama punje ya hindi. Vidole vyangu vilibaki palepale. "Umeupata, siyo?" aliniuliza. "Basi ualimu wangu haukupotea." Ameniagiza mwenyewe niyaandike haya, maana anasema akina mama watasoma habari zake kuliko mabango yetu.

Kwa hiyo safari hii hatukununua kiti tunachomzawadia kila mstaafu. Tumemkatia tiketi ya basi, kwenda na kurudi. Jumatano ijayo, akiwa na binti yake Mwangala, atapimwa kwa mashine hiyo kwa mara ya kwanza maishani. Ningetamani kumsindikiza, ila zahanati sasa imebaki na muuguzi mmoja, ndiye mimi.

Bo Namakau, tunapiga magoti na kukupigia makofi ya heshima. Ahsante kwa kila mama uliyemwahi. Tunakuombea pumziko refu na majibu mema. Jumamosi utakayorudi kutoka Lusaka nitafunga mapema, nishuke hadi ukingo wa maji kukutazamia.