Maître Hippolyte Musafiri, Aliyetufundisha Kuanguka

Baba Padri, Mzee Kasimu, Mama Régina mzazi wetu, Mama Ernestine mjane wa marehemu, walimu, wanafunzi wa klabu ya judo, majirani wa Kasongo, nanyi mliotoka Kabambare, Lusangi na Salamabila kwa pikipiki na kwa miguu, familia inawasalimu na kuwapa pole, kwani msiba huu ni wenu kama ulivyo wetu. Historia hii imeandikwa na Serge, mdogo wa marehemu, na ndiye anayeisoma, si kwa kustahili, bali kwa kuwa marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na agizo la kaka mkubwa aliye kitandani halipingwi. Jana alasiri baba wadogo na wajomba walikaa na Serge, wakamshauri sehemu ya mwisho aifupishe, wakasema watu huja msibani kulia, hawaji kuhukumu. Serge aliwasikiliza kwa heshima, ila kuna vijana wawili waliofungwa kwa ajili ya kifo hiki, kwa hiyo sehemu ya mwisho imebaki kama ilivyo, nanyi mtaisikia yote.

Hippolyte Musafiri alizaliwa Lusangi, teritware ya Kabambare, tarehe 12 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa Mzee Antoine, mkulima na katekista, na wa Mama Régina, ambaye alishikwa na uchungu njiani akitoka shamba la mpunga, akajifungulia nyumbani kwa watu asiowajua, ndiyo maana mtoto akaitwa Musafiri. Baada yake walifuata dada watatu, na wa mwisho akawa Serge, aliyezaliwa mwaka 1984. Mzee Antoine alifariki mwaka 1991, na tangu siku ile Hippolyte, kijana wa miaka kumi na saba, akawa kaka na baba kwa pamoja, akimbeba Serge mgongoni kuvuka mito wakati Serge alikuwa na miguu mizima ya kutembea na uvivu wa kutosha wa kutotembea.

Alisoma shule ya msingi Lusangi, kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, kisha akaja hapa Kasongo kusomea ualimu, akapata diploma ya serikali mwaka 1993. Wakati wa masomo alipanga chumba nyuma ya nyumba ya Mzee Kasimu, fundi cherehani, ambaye ujana wake ulipita Kisangani, na huko alijifunza judo. Mzee Kasimu alimshonea kimono kwa magunia ya unga, herufi za kiwanda zikabaki mgongoni, akamtandikia magunia ya pumba za mpunga na turubai juu yake, na kwa miezi mitatu hakumfundisha kitu kingine chochote isipokuwa kuanguka, kwa ubavu, kwa mgongo, kidevu kifuani, mkono ukipiga chini. Watu wa soko walicheka sana, wakauita mchezo ule kuvutana mashati, wakamuuliza kama amelipa karo ya shule ili afundishwe kudondoka. Yeye alijibu kwamba kuteleza si kuanguka, ni kweli, lakini kuanguka nako kuna ufundi wake, na siku kutakapowajia hakuna atakayewauliza kama wako tayari.

Alianza kufundisha darasa la tatu hapa mjini mwezi wa Septemba 1994, akakatizwa na vita, akakaa msituni na Mama Régina na wadogo zake kwa vipindi virefu ambavyo hakupenda kuvisimulia, akarudi darasani mwaka 2003, na chaki hakuiweka chini tena. Tarehe 4 Februari 2006 alifungua klabu katika depo ya zamani ya pamba, na mwaka 2009 alikwenda Kindu kupimwa, akarudi na mkanda mweusi aliouficha wiki nzima kwa aibu ya kusifiwa. Alifundisha wavulana na wasichana, Wakristo na Waislamu, wachimbaji, na hata askari polisi wawili ambao aliwaomba waache silaha zao mlangoni pamoja na viatu.

Wengi hapa mnajua desturi iliyotoka katika klabu ile, ila kwa wageni inafaa kuelezwa. Katika judo, mtu aliyeshindwa hupiga kiganja mara mbili, pa, pa, juu ya turubai au juu ya mwili wa mwenzake, na mwenzake lazima amwachie papo hapo, awe na hasira, asiwe na hasira. Maître, kama wanafunzi walivyomwita mwalimu wao, aliheshimu ishara ile kuliko mkanda wake, na vijana wake wakaichukua wakaitoa nje, wakaanza kugonga milango ya wenzao kwa kiganja mara mbili badala ya kusema hodi, kwa maana ya kwamba nimekuja kwa amani, niachie niingie. Mwisho Maître mwenyewe akaambukizwa. Mama Régina hakuipenda hata siku moja, alikuwa akipiga kelele kutoka jikoni, "Nyumba ya mutu haipigwake kama ngoma, Musafiri! Hodi iko na uzito gani kwa mudomo yako?" Naye alicheka tu, na kesho yake akagonga vilevile.

Alifunga ndoa na Ernestine tarehe 7 Agosti 1999, katikati ya vita, kwa kuku wawili na wimbo mmoja, kwa sababu padri alikuwa na haraka na barabara haikuwa na uhakika. Mungu aliwajalia mabinti watatu, Grâce mwaka 2001, Djamila mwaka 2004, aliyepewa jina la mke wa Mzee Kasimu, na Dieudonnée mwaka 2009. Watu walipomwambia kwamba hana mtoto wa kiume wa kumrithi mkanda, aliwaonyesha Grâce, ambaye leo ana mkanda wa kahawia na amewahi kumlaza chini kila mmoja wa waliokuwa wakisema.

Tarehe 3 Juni 2018, kati ya Lusangi na Kabambare, watu watatu wenye bunduki moja walimsimamisha. Maître, mwenye mkanda wake mweusi, alishuka kwenye pikipiki, akalala kifudifudi kwenye matope, akawaachia pikipiki na hata viatu. Mji mzima ulimtania, watoto wakaimba, na baadhi ya wazazi wakatoa watoto wao klabuni, wakisema mwalimu gani huyu. Jumamosi iliyofuata aliwaambia wanafunzi maneno ambayo Grâce aliyaandika ukutani kwa mkaa, "Judo itakukinga na mulevi, na mume wa mukono mwepesi, na hasira yako mwenyewe. Risasi haina shati ya kukamata. Siku hiyo, lala chini, urudi kwenu."

Serge alikuwa mmoja wa waliocheka. Yeye alikuwa Salamabila tangu mwaka 2012, akinunua dhahabu kwa wachimbaji, na judo aliiacha zamani, akijua kuanguka tu, nako vibaya. Mwezi wa Februari 2022 wezi walimvamia dukani mchana kweupe, wakampiga hadi sikio la kushoto likaziba na kuja kuzibuka kwa shida, na alipopona alitafuta bastola, akaipata bila kibali wala karatasi yoyote, akaanza kutembea nayo kiunoni na kulala nayo chini ya mto. Lazima isemwe ukweli, kwani wapo hapa wenye kufikiri kama alivyofikiri yeye, kwamba siku ile ya kwanza alijiona mtu mzima tena. Siku ya pili alianza kusikia nyayo. Tangu chuma kile kiingie nyumbani, panya akawa mtu, mgeni akawa jambazi, na Serge hakupata usingizi mzuri hata siku moja, ila hilo alimficha kila mtu.

Kwa kaka yake halikufichika. Krismasi ya mwaka uleule, nyumbani kwa Mama Régina, aliona uvimbe chini ya shati la mdogo wake, akamwita uani, wakabishana mpaka wali ukapoa. Serge alimkumbusha matope ya mwaka 2018, akamwambia kwamba angekuwa na bastola siku ile asingerudi peku. Hippolyte hakukasirika, alimwambia, "Kuogopa si haya, mudogo wangu, hata mie naogopa. Lakini hii chuma inaogopa kukupita weye, na haijui kungoja." Alimwomba arudi klabuni, si ili awe bingwa, bali mwili wake ujifunze upya kutulia mtu anapomkaribia. Serge alikwenda Jumamosi mbili, akasema magoti yanauma, akaacha.

Sasa ndipo ilipo sehemu ya kifo. Jumatatu tarehe 8 Septemba 2025, Serge alimpigia kaka yake simu, akamwambia kwamba kuna watu wanamfuatilia na kwamba ameogopa kutoka nje. Hippolyte alikuwa Kabambare kupima mikanda ya vijana wa huko. Alimjibu kwamba barabara imeharibika na mvua, atafika Jumatano, asiwe na wasiwasi. Lakini "usiwe na wasiwasi" ni neno rahisi, naye alimjua mdogo wake, hivyo Jumanne tarehe 9 aliacha kazi, akapanda pikipiki asubuhi, akafika Salamabila saa kumi alasiri, chini ya mvua kubwa. Serge alikuwa amefunga madirisha yote, mvua ikipiga mabati kiasi cha kutosikia hata sauti yake mwenyewe, ndipo mlango ukapigwa kwa nguvu mara mbili, bila hodi, bila jina. Mtu yeyote wa klabu, hata mtoto wa miaka saba, angejua ni nani na anataka nini. Serge aliijua ishara ile tangu ujana wake klabuni, lakini mkono wake haukumngoja akumbuke. Alipiga risasi moja kupitia ubao wa mlango.

Hakukuwa na majambazi. Aliyempiga Hippolyte Musafiri risasi ni mdogo wake, Serge, anayesimama mbele yenu.

Marehemu alianguka vizuri, kwa ubavu, kidevu kifuani, kichwa hakikugusa jiwe, na wauguzi wa Salamabila walisema kwamba kama angeanguka ovyo asingefika hata kwao. Serge alimfunga tumbo kwa kimono cha marehemu mwenyewe kilichokuwa mkobani mwake. Vijana walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti mabegani, pale matope yalipozidi, kwa pikipiki pale barabara iliporuhusu, akafikishwa Kasongo tarehe 11, akapasuliwa siku hiyohiyo, akaonekana anapata nafuu, kisha homa ikapanda na kidonda kikaharibika ndani. Waliomuuliza aliwaambia ni ajali, akanyamaza.

Serge naye alinyamaza, na ukimya wake ulifanya ubaya wa pili. Watu walisema wezi, Serge hakukanusha, na wengine wakataja majina, hata Ijumaa tarehe 12 wachimbaji wawili wa Salamabila, Chadrack na Dady, wakapigwa na umati na kufungwa, kwa sababu tu walionekana wamejikinga mvua karibu na nyumba ile. Alhamisi tarehe 18 Grâce alimweleza baba yake habari hiyo, akidhani atafurahi. Marehemu alimwita Serge, akaomba watu watoke, akamwambia, "Historia yangu utasoma weye, hapana mutu mwingine, na usitie wezi ndani, sababu wezi hawakukuwa." Serge alilia, akamwomba msamaha. Alimjibu kwamba msamaha ulishatoka palepale mlangoni, ila wale vijana hawamo ndani yake, wao wataombwa wenyewe. Alifariki Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, mke wake na mabinti zake wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi wa Kasongo na wa Salamabila, waliofanya yote waliyoweza kwa vifaa vichache, waendesha pikipiki na wabebaji waliokataa hata maji ya kunywa mpaka mgonjwa afike, walimu wenzake, majirani waliopika, na Mzee Kasimu, ambaye, ingawa macho yake sasa yamefifia, ameshona sanda kwa mkono wake. Familia inamshukuru Mama Ernestine, ambaye Serge alimwambia yote juzi, na ambaye leo asubuhi alimwekea maji ya kunawa uso.

Vijana wa klabu, mliokuwa mkijiandaa kwenda Salamabila kulipiza, mmesikia, rudini majumbani kwenu. Mama yake Chadrack amefika tangu asubuhi, amekaa nyuma kabisa, karibu na njia, kwa kuogopa kupigwa kama alivyopigwa mwanawe. Mpisheni, nawe Grâce mlete hapa mbele akae na familia, na mbele ya wote Serge anamwomba msamaha, bila kumpa haraka ya kujibu.

Kamanda wa polisi, aliyesimama pale kwa adabu, amekwisha kupokea bastola na maelezo ya Serge leo alfajiri, ametuahidi kwamba vijana wale wawili watatoka, na amekubali Serge atupe udongo kwanza kabla ya kuondoka naye. Mama Régina ameomba autupe pamoja naye, mkono kwa mkono. Amezaa wana wa kiume wawili, na leo jioni hakuna hata mmoja atakayelala nyumbani kwake, basi majirani tunawaomba msimwache peke yake.

Kaka Musafiri, safari imekwisha, pumzika kwa amani.