Tatu ya Ishirini

Benchi letu ni ubao mmoja mnene uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe ahame. Kulia anakaa Fundi Saa na kisanduku chake cha kioo kilichojaa saa zilizokufa, kila moja kwa wakati wake. Kushoto nakaa mimi na viatu vya watu. Katikati wanakaa wasio na kazi mkononi, na hao ndio wenye majibu yote. Yupo Hedimasta, ambaye hajafundisha hata siku moja. Alikuwa bawabu wa shule miaka thelathini na moja, na anaamini elimu ilipita kwanza getini kwake ndipo ikaingia darasani. Yupo Shahidi, aliyeitwa mahakamani mara moja tu kueleza alivyoona baiskeli ikiibwa, na tangu siku hiyo hajashuka kizimbani. Yupo Kipimo, fundi cherehani, futi shingoni hata msibani. Na yupo Birika, anayetuuzia kahawa na kutusahihisha bila kuombwa. Jana alasiri wote walikuwa wameinamia karatasi moja, na mimi nilikuwa na sindano mdomoni, kwa hiyo nilisikiliza tu.

Karatasi yenyewe aliileta Fundi Saa, kaibeba kwa mikono miwili kama mtoto wa jirani. Alipewa asubuhi na binti yake. Huyo binti ana chumba chake cha kazi hapo ng'ambo ya barabara, hatua thelathini kutoka benchi. Kutwa anachungulia vitu vidogo kwenye hadubini aliyoinunua mnadani, anavichora, anavichonga kwenye kipande cha mpira wa sakafu, anapaka wino, analaza karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka picha ihamie. Jumamosi anazipanga mezani nje ya maktaba. Wachache hununua. Wengi huuliza kama ni vitambaa vya meza, kisha huenda zao.

Fundi Saa: Jamani nisaidieni, kichwa changu kimegoma. Mkwe wangu kampatia mtoto kazi ghalani, ya kuandika magunia yanayoingia na yanayotoka. Mimi ndiye niliyemwomba amtafutie. Jibu linatakiwa kesho asubuhi.

Hedimasta: Sasa shida iko wapi? Kazi si ndiyo hiyo?

Fundi Saa: Leo kanipa hii. Kasema, "Baba, itazame vizuri, halafu wewe ndiye useme. Ukisema niache, naacha, na sitanung'unika."

Kipimo: Mtoto ana adabu huyo.

Fundi Saa: Hapo ndipo aliponiweza. Angebishana, ningejua la kumwambia.

Birika akaona ndiyo nafasi ya kujaza vikombe, na tone moja likadondoka ubaoni, karibu kabisa na karatasi. Ungedhani nyumba inaungua.

Shahidi: Wee! Kahawa hiyo!

Hedimasta alichomoa gazeti lake kwapani akaifunika ile karatasi yote, hata hatujaitazama sawasawa, akabakiza ukingo wa chini tu, upana wa vidole viwili. Kwenye ukingo huo kulikuwa na maandishi ya penseli. Kulia, jina la binti. Kushoto, tarakimu: 3/20.

Hedimasta akavaa miwani. Akavua, akaifuta, akavaa tena.

Hedimasta: Pole sana, Fundi.

Fundi Saa: Pole ya nini?

Hedimasta: Tatu ya ishirini. Kafeli.

Fundi Saa: Kafeli nini? Ana miaka ishirini na sita, shule alishamaliza!

Hedimasta: Jina huku, alama kule. Miaka thelathini na moja nimebeba karatasi za mitihani, sijaona tatu ya ishirini ikawa habari njema. Ndiyo maana wahenga wakasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Birika: Hiyo imeingiaje hapa?

Hedimasta: Alama si ziko chini? Nimeinama, nimeziona.

Kipimo: Lakini mbona kwa penseli?

Hedimasta: Ili zifutike. Mwalimu anakuachia kijilango cha kurudi kuomba.

Fundi Saa alikunja uso. Miaka miwili yeye mwenyewe amekuwa akiita kazi ile michezo, tena kwa sauti, tena mbele yetu. Lakini kumbe michezo ya mwanao unaidharau wewe tu, mwingine haruhusiwi.

Fundi Saa: Huyo mwalimu ni nani? Mtoto anasugua kijiko mpaka vidole vimeota sugu, apewe tatu? Hata kumi? Hata saba ya huruma?

Shahidi: Tulia, bwana. Hakuna mwalimu hapo. Mimi nitasema kweli tupu. Karatasi za mahakama zote ziliandikwa hivihivi. Huu ni ukurasa wa tatu kati ya ishirini.

Kipimo: Kumbe!

Shahidi: Swali sasa: zile kumi na tisa ziko wapi? Na kwa nini akupe wa tatu, asikupe wa kwanza? Wa kwanza ndio wenye jina la mshtakiwa.

Fundi Saa: Mshtakiwa? Nimefanya nini mimi?

Shahidi: Sijasema ni wewe. Nasema tu, mficha uchi hazai.

Birika: Methali hiyo waachie wakunga, Shahidi. Kunywa kahawa.

Kipimo alikuwa ameshavua futi shingoni. Akapima ule ukingo kwa urefu, akapima kwa upana, akapima na gazeti kwa kuwa lilikuwepo.

Kipimo: Si inchi, si sentimita. Hata kwa vidole haikubali. Basi si vipimo. Fundi, hebu fikiri. Wewe ni mtu wa saa. Mtoto wa mtu wa saa akimwandikia baba yake tarakimu, anamwandikia nini?

Fundi Saa: Nini?

Kipimo: Saa tatu na dakika ishirini!

Hapo uso wa Fundi Saa ulifunguka, nikamwonea huruma. Alitaka sana iwe hivyo. Alitaka mtoto awe amemwandikia kwa lugha anayoijua.

Fundi Saa: Saa tatu na dakika ishirini. Kesho. Ananiambia tukutane.

Hedimasta: Ghala linafunguliwa saa ngapi?

Fundi Saa: Saa mbili kamili.

Hedimasta: Basi anakuambia atachelewa. Na chelewa chelewa utakuta mwana si wako.

Hedimasta huzitupa methali ovyo kama maganda ya karanga, lakini hii iliangukia mguuni pa baba mwenye mwana. Fundi Saa alishika kibano chake, akakiweka chini, akakishika tena. Shahidi akatazama barabara. Birika ndiye aliyetuokoa, au ndivyo alivyodhani.

Birika: Nyie wote hamjui kitu. Namba za namna hiyo mimi nimeandikiwa. Mwaka jana nilipokwenda zahanati na homa, walinitoboa kidole, wakaitazama damu kwenye chombo kama hicho cha binti. Cheti kikarudi kimeandikwa nne, mkwaju kama huo hapo, mia mbili. Nikauliza, ndiyo nini? Wakaniambia ndiyo hesabu ya wadudu.

Kipimo: Wadudu?

Birika: Wa malaria. Wanne kwa mia mbili, na nilitetemeka mpaka kitanda kikahama. Sasa hapa ni watatu kwa ishirini. Pigeni wenyewe hesabu.

Wakapiga hesabu. Kipimo kwa vidole, Hedimasta kwa midomo, Shahidi kwa kutazama angani.

Shahidi: Thelathini kwa mia mbili! Huyo mtu hayupo tena!

Fundi Saa: Mtu gani?

Shahidi: Mwenye damu.

Fundi Saa: Damu ya nani? Juzi alisema kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni hilo jicho moja analofumba kutwa.

Hedimasta: Au si yake. Fundi, hajakutoboa kidole karibuni?

Fundi Saa akautazama mkono wake wa kushoto. Sote tukautazama. Kwenye kidole cha shahada kulikuwa na plasta.

Fundi Saa: Springi ya saa ilinikata Jumatatu. Yeye ndiye aliyenifunga.

Shahidi: Aliifuta damu kwa kitu gani?

Fundi Saa: Kwa pamba.

Shahidi: Na pamba iko wapi?

Fundi Saa: Sijui.

Shahidi: Sina swali jingine.

Kipimo alisogea mpaka mwisho wa benchi, karibu aniangukie mapajani. Birika akamwambia malaria haiambukizwi kwa kukaa pamoja, rudi. Hakurudi. Fundi Saa alikuwa ameshika paji la uso kwa kiganja, anajipima homa. Na mimi nakiri hapa: mlango wa binti ulikuwa wazi muda wote huo, tunamwona akitundika karatasi kwa vibanio vya nguo, na neno moja la kumwita lingetosha. Lakini sindano ilikuwa mdomoni, na mazungumzo yalikuwa matamu.

Ndipo akaja mama mmoja ambaye hatujawahi kumwona, kashika saa ya mkononi kaifunga kwenye leso.

— Hamjambo. Fundi wa saa ni nani hapa?

— Ni huyu, mama, — akasema Hedimasta, — ila ngoja kidogo, tuna mgonjwa.

— Mungu wangu. Nani anaumwa?

Wakamweleza wote kwa pamoja: mtihani, mahakama, ghala, saa tatu na dakika ishirini, pamba. Yule mama alisikiliza kwa utulivu, akigeuza shingo kwa kila msemaji. Walipoishiwa pumzi, akalitazama lile gazeti.

— Poleni sana. Na hiyo picha yenyewe ni ya nini?

Hedimasta alimtazama Shahidi. Shahidi alimtazama Kipimo. Birika alianza kufuta birika ambalo halikuwa chafu.

— Yaani hamjaitazama?

Fundi Saa ndiye aliyenyoosha mkono. Alilishika gazeti pembeni, polepole, akalinyanyua. Nikaitoa sindano mdomoni.

Ilikuwa nyeusi na nyeupe. Duara ndani ya duara, na kati ya duara na duara vijumba vidogo vimepangana, mamia, hakuna kinachofanana na mwenzake, kila kimoja kimechongwa ukuta wake. Kutoka katikati zilitoka nyuzi nyembamba zinazofika mpaka ukingoni, na pale zilipopita, vile vijumba vilijisogeza kuzipisha. Nimeshona ngozi maisha yangu yote na najua mkono unaotulia ukoje. Nilijikuta nimesimama. Ilikuwa nzuri mpaka ikanitia haya, maana tulikuwa tumeiwekea vikombe vya kahawa kando saa nzima.

Kipimo alikunja futi yake akaitia mfukoni, jambo ambalo sijawahi kuliona.

— Ni ua? — akauliza Birika kwa sauti ndogo.

— Ni mti umekatwa, — akasema Hedimasta, lakini hakuongeza methali.

— Msinitajie, — akasema Fundi Saa. — Nyamazeni.

Alikuwa ametoa kile kioo chake kidogo cha kutazamia saa, kakibana jichoni, kainama mpaka pua inakaribia wino. Akasogea toka kijumba hadi kijumba. Sijui muda gani ulipita. Alipoinua kichwa, jicho lake lilikuwa limelowa, na hakujisumbua kusingizia kioo.

— Miaka miwili, — akasema. — Miaka miwili nimepita mlangoni pake nikamwambia umekula, umefagia, umelala saa ngapi. Sijamwuliza hata siku moja, hii ni nini.

Akaibeba picha kwa mikono miwili, akavuka barabara. Kisanduku cha saa akakiacha wazi.

Tulimwona akisimama mlangoni. Tulimwona binti akigeuka na kibanio mkononi, amekaza mabega, anasubiri hukumu. Baba akasema kitu kifupi, hatukukisikia. Binti akaendelea kusimama vilevile, kisha mabega yakashuka, akaanza kuongea, akaongea, mikono ikaingia kazini, akamvuta baba yake kwa mkono wa shati mpaka kwenye hadubini. Kilichobaki kuonekana ni mgongo wa Fundi Saa, umeinama.

Baadaye sana alitoa kichwa mlangoni.

— Jamani! Ni nakala ya tatu kati ya ishirini alizochapa! Basi! Hakuna mgonjwa!

— Na picha ni ya nini? — akapaza sauti Shahidi.

— Subirini! Bado natazama!

— Na ghala? — akauliza Kipimo.

Fundi Saa akatutazama kama watu wanaoulizia habari za mtaa mwingine.

— Ghala gani? — akasema. — Birika! Leta vikombe viwili huku. Kimoja changu, kimoja cha fundi mwenzangu.

Birika akalitikisa birika sikioni. Zilikuwa zimebaki kahawa hizo mbili tu. Akazimimina mpaka tone la mwisho, akavuka nazo taratibu ili zisimwagike, na yule mama wa saa akamfuata nyuma kwenda kutazama. Sisi tulibaki na vikombe vitupu, na hakuna aliyelalamika.