Bi Taratibu na Mtandao Uliokatika Kila Fundi Alipoondoka

Ijumaa ya tarehe ishirini na nane mwezi huu, saa kumi jioni, Bi Taratibu atakabidhi funguo za gari namba saba, koleo zake mbili na kitambulisho chenye picha ya siku alizokuwa na nywele nyeusi tii. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili kazini. Idara ya wafanyakazi imenipa kurasa mbili za jarida hili nimuage kwa niaba ya kikosi cha mafundi wa majumbani. Niliomba nne, nikaambiwa nisimwaibishe mama wa watu. Basi nitajibana.

Alianza kazi akiwa binti wa miaka ishirini na minane, kampuni ikiwa bado inahangaika na nyaya za simu za mezani. Alikuwa mwanamke wa kwanza katika kikosi cha nje kufungwa mkanda wa kupandia nguzo. Msimamizi wa enzi hizo, kwa kutaka kumpima, alimpangia nguzo ndefu kuliko zote. Akapanda, akaunga waya, akashuka, kisha akamuuliza bosi kwa adabu zote kama angependa kupanda akague. Bosi alikuwa mtu wa kizunguzungu hata akisimama juu ya stuli. Alisaini fomu akiwa chini.

Jina la Bi Taratibu alipewa na dada anayepanga kazi za siku, na halikuwa la sifa. Wenzake tulikuwa tunamaliza nyumba sita kwa siku, yeye tatu. Ilichukua muda kugundua kwamba nyumba zake tatu hazikupiga simu tena, huku zetu sita tukizirudia mpaka mbwa wa humo wakatuzoea. Dada huyo alimwomba radhi mbele yetu sote katika chumba cha chai. Bi Taratibu akasema jina ameshalipenda, asinyang'anywe.

Kwa wageni wa kikosi hiki, nieleze anavyofanya kazi. Akiingia nyumba ya mtu haulizi kompyuta iko wapi. Anaomba kiti. Anauliza tatizo lilianza lini, nini kingine kilibadilika siku hizo, na nani na nani wanaishi hapo. Anafungua daftari, anachora vyumba vyote, anaweka alama mahali ilipo ruta na mahali watu wanapokaa. Halafu anabadilisha kitu kimoja, anasubiri, anaandika saa. Kama hakikusaidia, anakirudisha kama alivyokikuta, ndipo anagusa kingine. Hapo ndipo muda wake unapokwenda, na hapo ndipo vijana wengi walipomkimbia na kuomba wapangwe gari jingine.

Yapo ya kuchekesha. Kuna bibi mmoja aliyelalamika kwamba waifai yake inafika jikoni tu. Mafundi wawili, mmoja baada ya mwingine, walimbadilishia ruta. Bi Taratibu alipoomba kuiona, bibi akatoa ufunguo kifuani, akafungua kabati la chuma na kuionyesha, imetulia katikati ya sahani za wageni, imefunikwa kitambaa cha kufuma isipate vumbi. Wale mafundi wawili, kila mmoja alikabidhi ruta yake mlangoni akaondoka. Hawakuuliza itakaa wapi. Mmoja wao ndiye anayeandika haya.

Lakini sikuomba kurasa nne kwa sababu ya bibi na kabati lake. Niliziomba kwa sababu ya nyumba ya Mkalimani.

Mwaka juzi kompyuta nyingi za wateja wetu zilipokea toleo jipya la mfumo wa uendeshaji. Mtu analala na kompyuta nzima, anaamka na kompyuta yenye sura ngeni na mtandao unaokatakata. Simu zilimiminika. Tuligawana orodha, na mimi nikaangukiwa na mama mmoja anayefanya ukalimani akiwa nyumbani. Hospitali zinampigia kwa video, daktari upande mmoja na mgonjwa upande mwingine, wasioelewana lugha, naye katikati. Tangu apate mfumo mpya alikuwa anakatika karibu kila siku. Wiki hiyo alikatika daktari akiwa anamweleza mzazi kiasi cha dawa ya mtoto. Mzazi alisikia nusu ya maelezo. Hakuna aliyedhurika, muuguzi aliwahi, lakini Mkalimani aliandikiwa barua: akikatika mara moja zaidi, jina lake linaondolewa kwenye orodha. Alinionyesha barua hiyo akiwa amesimama.

Nilimpa dakika arobaini za ufundi wangu wote. Nilichomeka chaja, kwa sababu kila fundi hapa hufundishwa siku ya kwanza: chaja kwanza, kompyuta isije ikakuzimikia katikati ya kazi. Nikaweka upya programu inayoendesha kadi ya waifai. Nikabadilisha chaneli ya ruta. Nikaifuta waifai kwenye kompyuta na kuiunganisha upya. Nikahamisha ruta juu ya rafu ya sebuleni. Ikashika, ikatulia, kasi safi. Nikaondoka kifua mbele. Kesho yake ikakatika. Akaenda fundi mwingine, akachomeka chaja, akabadilisha ruta nzima, ikatulia naye akaondoka. Mchana ule ule ikakatika. Mkalimani alibahatika kwamba mara zote mbili hakuwa na mgonjwa kwenye laini. Alisema, bila hasira, kwamba mtandao wake ni mzima kabisa mafundi wakiwepo.

Bi Taratibu alipoisikia kauli hiyo aliacha chai yake ikapoa. Sisi tuliichukua kama malalamiko ya mteja aliyechoka. Yeye aliiandika kwenye daftari neno kwa neno na kuipigia mstari. Kisha akaniambia nimpeleke huko, na begi la vifaa niliache kwenye gari.

Tulifika saa mbili asubuhi. Kazi ya kwanza ilikuwa kufuta kazi yangu. Alirudisha ruta ya zamani, ambayo mwenzangu aliiacha pale, na chaneli yake ya awali, akaiweka chini ilipokuwa, akarudisha kila nilichogusa ambacho kingeweza kurudishwa, mimi nikimtajia kimoja kimoja kama mtuhumiwa. Akaniambia kwa upole kwamba nilipobadilisha vinne kwa pamoja, hata kama kimoja kingekuwa dawa, nisingekijua. Halafu akamwomba Mkalimani jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwa fundi: kwamba watu wa nyumba hiyo waishi kama hatupo. Kila mtu afanye anachofanya siku zote.

Ndipo tulipofahamu kwamba kuna mtu alikuwa hafanyi. Baba mkwe wa Mkalimani ni fundi cherehani. Cherehani yake ya umeme hukaa chumba hicho hicho, nyuma ya meza ya mkwewe, na kila mafundi wa mtandao walipokuja alikuwa akiihamishia barazani kwa heshima, asitupigie kelele. Bi Taratibu akamwomba airudishe ndani na aendelee na suruali aliyokuwa anaipindisha.

Tukakaa. Mkalimani akavaa vipokea sauti, akatupa mgongo, akafungua mazungumzo ya majaribio na rafiki yake. Baada ya nusu saa mzee aliingia kwa kunyata, viatu mkononi. Akainama, akachomoa chaja ya kompyuta kwenye soketi pekee ya chumba kile, akachomeka cherehani, akaanza kushona. Mkalimani hakugeuka. Hakusikia kitu. Dakika ya kumi na moja mtandao ukakatika.

Nikanyanyuka. Nilikuwa na jibu tayari, mota ya cherehani inavuruga mawimbi, kila mtu anajua. Bi Taratibu aliniashiria nikae. Akamwomba mzee aache kushona, azime kabisa, lakini chaja asiirudishe. Tukasubiri. Mtandao ukarudi, kisha ukakatika tena, cherehani ikiwa imezimwa. Akatafuta waya mrefu wenye soketi mbili, akachomeka chaja na cherehani pamoja, mzee akashona suruali nzima na kuanza ya pili. Haukukatika. Akaandika saa. Akachomoa chaja peke yake. Dakika ya tisa, ukakatika.

Kompyuta ilikuwa inaangusha waifai ikiwa kwenye betri tu. Mfumo mpya ulikuwa umejirudishia mpangilio wa kubana umeme, na kadi ya waifai ndiyo iliyokuwa inabanwa mpaka inasinzia. Sisi mafundi tusingeliona tatizo hilo hata tungerudi mara mia, kwa sababu kila mmoja wetu, kitu cha kwanza, alichomeka chaja. Tulikuwa tunaliponya kwa kuingia na kulirudisha kwa kutoka, tukisaini fomu katikati. Alifungua mipangilio, akabadilisha mstari mmoja, akafunga. Hakugusa kingine chochote.

Mzee alikuwa bado amesimama na waya wa chaja mkononi. Alikuwa ameelewa. Aliuliza, kwa sauti ndogo, kama ina maana siku ile ya mzazi na dawa za mtoto ni yeye aliyekata. Mkalimani alishavua vipokea sauti na kumgeukia. Bi Taratibu ndiye aliyemsogelea mzee.

"Baba, hukukosea," alimwambia. "Soketi hii umeitumia hivi hivi miaka yote na hukumkata mtu. Kompyuta ndiyo iliyobadilika, na haikumwambia yeyote humu ndani."

Mzee akaketi. Mkwewe akamletea maji.

Tukajaribu tena kwenye betri, cherehani ikinguruma, saa nzima na dakika kumi. Haukutikisika. Tulikuwa tunajiandaa kuondoka ndipo simu ya hospitali ikaingia, mapema kuliko ilivyopangwa. Mkalimani alituangalia mara moja tu, akapokea. Ikikatika hii, ndiyo ile mara moja iliyotajwa kwenye barua. Bi Taratibu alikuwa na uhakika, nilimwona usoni. Hata hivyo aliinama mwenyewe, taratibu, akaichomeka chaja. Nilipomuuliza baadaye, alijibu kwamba mgonjwa si mahali pa kujaribia kazi yetu.

Kutoka hatukuweza, maana mlango ulikuwa mbele ya kamera. Tukabaki ukutani kando ya meza, kamera isikotuona, sisi wawili na mzee. Yaliyosemwa si yetu kuyasimulia, na kwa vile wengine walisikika kwenye vipokea sauti tu, tulisikia upande mmoja. Mkalimani ameturuhusu kutaja sentensi moja, nami nimemwahidi sitaongeza ya pili. Alisema, "Mama, daktari anasema leo unaweza kumbeba mwanao."

Halafu kimya. Kimya kirefu. Mkalimani hakusema kitu, kioo hakikuonyesha chochote kikisogea, na hivyo ndivyo mtandao unavyokufa. Nikaangalia alama ya waifai: imejaa. Nikamwangalia Bi Taratibu. Yeye hakuwa anaangalia alama. Alikuwa anaangalia bega la Mkalimani, lililokuwa likitikisika, na hapo nikaelewa kwamba hakuna kilichokatika. Kuna mtu upande wa pili alikuwa analia, na laini ilikuwa inabeba hata hicho.

Mkalimani akajifuta macho, akanyoosha mgongo, akaendelea na kazi. Hadi leo jina lake liko kwenye orodha, na baba mkwe wake anashona nyuma yake.

Sheria ya chaja kwanza tumeirekebisha. Siku hizi fundi wetu huitazama kompyuta jinsi alivyoikuta kabla hajaongeza waya wowote, na kila anayejiunga na kikosi husimuliwa kisa hiki, kwa kawaida na mimi, kwa sababu kosa ni langu na nina haki nalo. Bi Taratibu alikataa mara mbili kufanywa msimamizi, akisema ofisini hakuna vyumba vya kuchora. Hata hivyo, mafundi kumi na wanne wamepita mikononi mwake, na ukiingia nyumba ya mteja ukamkuta fundi amekaa tu anaandika, jua ni mmoja wao. Mumewe, mwoka mikate, amenidokeza kwamba nyumbani hana utaratibu huo na huwasha majiko mawili kwa pamoja. Sijaamini.

Lakini nilichotaka hasa kukiweka kwenye karatasi ni cha ngazini. Siku ile tulipotoka hatimaye, alisimama katikati ya ngazi, akashika reli. Nilidhani amechoka. Nilikumbuka kwamba siku zote mtandao ukishashika, yeye hufunga daftari, huaga na kwenda nyumba ya tatu. Sikuwahi kumwona akikaa baada ya kazi kuisha.

"Miaka yote hii natengeneza njia," alisema. "Leo ndiyo nimesikia kinachopita."

Alifuta macho kwa kiganja, akashuka, akaingia kwenye gari. Sikuwa na la kumjibu siku ile, nami sikulipata tangu hapo, mpaka nilipokalia wasifu huu. Ni hili: Mama, katika kila nyumba uliyoiacha nyuma yako kuna mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa analisubiri. Hukuwasikia, kwa kuwa ulikuwa umeshakwenda kwa mwingine. Wao walisikia.

Kikosi kizima kinakushukuru. Uende salama, ukae na wako kwa afya na furaha, na maisha yakupendeze.