Kaka Yetu Chini na Nyuzi Zake Nne

Ndugu, jamaa, majirani, mafundi na wanamuziki mliofika kwa wingi hata wengine mmekosa viti, kwa niaba ya familia nawashukuru, mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, na kazi hii nimepewa kwa sababu wifi yangu, mjane wake, amesema akisoma yeye ataanza kubishana na marehemu katikati, nanyi mnawajua hao wawili, tungekaa hapa hadi kesho.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa baba aliyekuwa mkagua tiketi wa reli na mama aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Jina lake la cheti sitalirudia sana, maana hata mama aliyempa jina hilo aliliacha, na sababu ni hii. Mwaka 1968 baba alileta nyumbani redio kuukuu yenye spika iliyochanika, na Jumamosi moja mchana ukapigwa wimbo wa roki, sisi wote tukasikia gita likilia na mwimbaji akipasua koo, lakini yeye alibandika sikio kwenye kitambaa cha spika, akatulia, kisha akauliza, "Mama, ni nani yule anayetembea chini?" Mama alikuwa anapiga pasi, hakuinua hata kichwa, akamjibu, "Chini hakuna mtu, mwanangu, hiyo redio ni mbovu." Yeye alikuwa ameshamsikia, alikuwa amelisikia gita la besi kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa aliendelea kutuuliza habari za huyo mtu wa chini wiki nzima, wakati wa kula na wakati wa kulala, tulimwita Chini, na jina likamganda hadi kwenye kadi za harusi yake.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, na ya sekondari kuanzia 1971 hadi 1974, ambako sauti yake ilivunjika mapema kuliko za wenzake, mwalimu wa kwaya akamsukuma mstari wa nyuma kabisa na kumwambia aimbe taratibu asiwaharibie wengine, adhabu ambayo kaka aliipokea kama cheo, akarudi nyumbani akitamba kwamba amepewa sehemu ya chini peke yake. Mwaka 1975 alijiunga na chuo cha ufundi wa umeme, na huko ndiko vijana wa bweni lake walipoanzisha bendi ya roki waliyoiita Radi Kavu, wote wakagombea gita la solo, wakanuniana, nusura bendi ife kabla ya kuzaliwa, huku gita la besi likiwa limeegemezwa kwenye ukuta wa stoo, halina mwenyewe. Kaka alilipangusa vumbi akalivaa, na siku hiyo, kama alivyopenda kusema, aliacha kumtafuta yule mtu wa chini kwa sababu alikuwa ameshika zamu yake.

Alihitimu mwaka 1977, na tarehe 3 Januari 1978 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2016. Wenzake walicheka siku ya kwanza, wakasema fundi wa lifti anaitwaje Chini, nani atakubali kupanda, lakini waliacha kucheka walipoona jinsi alivyowahudumia watu waliokwama. Mwanasheria mmoja, mama mjamzito, alikwama na wenzake kati ya ghorofa ya sita na ya saba, wakaanza kupiga mlango kwa hofu, naye kaka, mikono ikiwa kwenye grisi, akawaambia kupitia upenyo wa mlango, "Jamani, mimi nitaimba besi, nyie nipigieni makofi, tukimaliza wimbo mtakuwa mmetoka," wakapiga makofi, wimbo ukaisha, hawajatoka, akawaambia, "Samahani, huu ulikuwa mfupi, tuanze mwingine." Mama yule yupo hapa leo, na mtoto wake aliyekuwa tumboni yupo pia, na ni mrefu kuliko baba yake.

Sasa siwezi kusoma maisha ya kaka bila kuwataja wapiga besi watatu aliowapenda, maana kwake walikuwa kama wajomba, ingawa aliwajua kwa santuri tu, na aliwapa majina yake mwenyewe. Wa kwanza alimwita Mzee Kimya, mtu aliyeweza kukaa kwenye noti moja wimbo mzima na wewe usitamani nyingine, wa pili alimwita Dada Shoto, mwanamke apigaye kwa mkono wa kushoto, ambaye besi yake kaka alidai unaweza kuiimba hata ukiwa umesahau wimbo wenyewe, na wa tatu alikuwa Mbio, yule mwenye vidole vya kasi ambaye vijana wote walimwabudu. Ukimuuliza kwa nini Mbio ni wa tatu, alikujibu kwa upole kwamba Mbio ni fundi hasa, tatizo lake anaongea wakati wenzake nao wanaongea, na mpiga besi mkubwa humwacha mwimbaji aonekane ana akili.

Maneno hayo aliyasema mwaka 1982 mbele ya mpiga drams mpya wa Radi Kavu, binti aliyekuwa akifanya kazi kwenye tanuri la mikate, mwenye mikono iliyokomazwa na kukanda unga, na binti huyo akamwambia, "Basi hujui muziki, Mbio ni wa kwanza." Kaka alirudi nyumbani usiku huo hali chakula, mama akadhani anaumwa, kumbe ameshapenda. Waliendelea kubishana mazoezini, njiani, na mlangoni pa tanuri, mpaka tarehe 8 Desemba 1984 walipofunga ndoa, wakapanda jukwaani kwenye sherehe yao wenyewe, yeye na suti, wifi na shela lililokunjwa hadi magotini ili mguu wake ufike kwenye pedali, na shangazi zetu waliokuwa wamenuna kuhusu jambo hilo ndio waliokuwa wa mwisho kuacha kucheza.

Agosti 1987 ilifika bendi kubwa kutoka nje kupiga kwenye uwanja wa michezo, Radi Kavu wakapewa nafasi ya kufungua, na mchana huohuo mpiga besi wa wageni alishikwa na homa akashindwa kusimama. Kaka alizijua nyimbo zao zote, akapiga badala yake, na onyesho lilipokwisha kiongozi wa bendi ile alimuuliza tu kama ana pasi ya kusafiria. Kaka alitaka kukataa, lakini wifi alimwambia, "Nenda, ukibaki utakuwa unanitazama kwa huzuni kila nikikaanga mayai, mimi sitaweza." Akaomba likizo bila malipo, akaenda, akapiga kwenye kumbi ambazo sisi tuliziona magazetini tu, na barua zake zilikuwa za furaha, ila wifi aliniambia kwamba zilikuwa na kasoro moja, hakuna hata moja ambamo alibishana naye.

Mwezi Machi 1988, katika mji mmoja wa mbali, alisikia kwamba Mzee Kimya mwenyewe anapiga kwenye ukumbi mdogo karibu na hoteli yao, akakimbia bila koti, akamkuta chumba cha nyuma akifuta nyuzi kwa leso, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kaka alimwamkia, akamuuliza lile swali alilolibeba tangu ujana, siri ya mpiga besi mkubwa ni nini, ni vidole, ni sikio, au ni kuzaliwa nayo. Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda msalani, akasema, "Mimi huutazama mguu wa mpiga drams wangu, basi. Miaka thelathini sasa. Akikanyaga nipo, asipokanyaga nangoja." Kisha akamuuliza, "Wewe wa kwako ni nani?" Kaka akasema alifungua mdomo kutaja jina la mpiga drams wa ile bendi kubwa, kijana hodari tu, lakini jina halikuja, likaja la mwingine.

Alimaliza maonyesho aliyoahidi, akaagana nao vizuri, na tarehe 2 Mei 1988 alishuka kwenye treni, hakupitia nyumbani, akaenda na sanduku lake hadi kwenye tanuri la mikate, wafanyakazi wakampisha, wifi akageuka akiwa mweupe kwa unga hadi kope, akamuuliza, "Wamekufukuza?" Akajibu, "Hapana, nimekuja kuutazama mguu." Wifi alidhani ameumia, akainama kumkagua viatu, na wale waliokuwepo wanasema kaka alicheka mpaka akakalia gunia la unga na suti yake nyeusi. Hatujawahi kumsikia akijuta, na mtu alipomhurumia kwa kuikosa dunia, alimwambia kwamba dunia aliiona, ni nzuri, ila haimpigii drams vizuri.

Walijaliwa watoto wawili wa kike, mkubwa mwaka 1989, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na mdogo mwaka 1992, ambaye ni mpishi wa hoteli, na wajukuu watatu, na Radi Kavu iliendelea kupiga kila Jumamosi mchana katika ukumbi wa klabu ya wafanyakazi, nywele zikipungua jukwaani na watazamaji wakiongezeka.

Novemba 2022 alianza kusikia kizunguzungu, madaktari wakagundua kwamba mapigo ya moyo wake hayaendi sawa, habari iliyomwudhi kuliko kumtisha, akasema itakuwaje mpiga besi aharibikiwe na mapigo, watu watamfikiriaje. Februari 2023 aliwekewa kifaa kifuani cha kuuongoza moyo, na daktari alipomuuliza anajisikiaje, alijibu kwamba kifaa kinashika mapigo barabara, ila hakina utamu, kinapiga kama mtu anayesoma noti.

Mwezi Aprili mwaka huu wa 2024 moyo ulichoka, akalazwa, na mchana wa tarehe 9 Mei, binti zake wakiwa kushoto na wifi akiwa kulia, alisema kwa sauti ndogo kwamba amefikiri sana, na ameamua kumpandisha Mbio kutoka nafasi ya tatu hadi ya pili. Wifi, ambaye alikuwa amesubiri maneno hayo miaka arobaini na miwili, alimshika mkono akamwambia, "Sasa ndiyo najua kweli unaumwa." Akatabasamu, akafumba macho, na alasiri hiyo akatuaga akiwa na umri wa miaka sitini na minane, uso wake ukiwa bado na lile tabasamu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo waliomtunza na kuvumilia vidole vyake visivyotulia kwenye chuma cha kitanda, inawashukuru mafundi wa lifti waliombeba leo kwa zamu, inaishukuru Radi Kavu, na kwa namna ya pekee inamshukuru jirani wetu wa ghorofa ya chini, hakimu mstaafu, ambaye kwa miaka ishirini aligonga dari yake kwa fimbo ya ufagio kila mazoezi yalipoanza, na ambaye juzi alipanda ngazi taratibu, akakaa na wifi, akasema, "Mama, huko kwangu kumekuwa kimya mno, siwezi kulala, tafadhali pigeni chochote." Wifi aliinuka, akaketi kwenye drams, akakanyaga pedali, akakanyaga tena, na binti mkubwa, ambaye hatukujua kwamba baba yake alikuwa akimfundisha, akalichukua gita la besi ukutani, akautazama mguu wa mama yake, akaingia.

Kaka, kazi uliifanya vizuri, nasi tulikusikia. Upumzike kwa amani.