Mama Njia na Geti la Ukuta wa Nyuma

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wakubwa wa kampuni ya ujenzi mliokaa viti vya mbele, mmesikia mengi kumhusu dada yetu huko ofisini, sasa sikieni na ya nyumbani.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Njia, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na muuguzi, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, sekondari 1975, kisha akasomea mipango miji chuoni na kuhitimu mwaka 1984, msichana pekee darasani, na hakuna aliyewahi kumnyamazisha.

Tarehe 11 Aprili 1987 alifunga ndoa na mwalimu wa hesabu, mtu mpole, wakajaliwa binti na kijana, waliotembezwa na mama yao mpaka viatu vikaomba poo.

Kazi yake ilikuwa kupanga namna wakazi wa mitaa mipya watakavyokwenda kazini na shuleni bila kulazimika kununua gari, na mwaka 2009 kampuni yenu ilimwajiri kwa ajili ya mtaa huu tunaoishi. Mchoro wenu ulionyesha kituo cha basi kiko mita mia tatu tu kutoka nyumba za nyuma, kwa sababu mtu alipima kwa rula juu ya karatasi, na mstari wake ukapita juu ya ukuta mrefu usio na mlango. Dada aligoma kuutia saini mchoro huo, akambebesha mkurugenzi mifuko miwili ya viazi na kumwambia, "Haya bosi, twende kituoni, ila kuruka ukuta marufuku," wakazunguka karibu kilomita mbili juani, na mkurugenzi mwenyewe yule pale ni shahidi. Mwezi uliofuata ukuta ulitobolewa geti la waenda kwa miguu, na dada akafukuzwa kazi. Sisi wadogo zake tulimsihi aombe radhi, akatujibu, "Radhi ya nini, ya kutembea?"

Maradhi ya moyo yalianza Juni 2021, akalazwa mara mbili, hadi alipofariki tarehe 2 Agosti 2024, alfajiri, hospitalini, binti yake akiwa amemshika mkono, ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu. Jana, hata hatujamzika, ninyi wakubwa mmebandika tangazo kwamba geti litazibwa Jumatatu kupisha maegesho ya magari. Tumelisoma, na imetuuma sana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa zamani mliokuja ingawa mlionywa msije.

Makaburi yako ng'ambo ya ukuta. Gari la jeneza tumelirudisha, tutambeba mabegani tupite naye getini, nanyi wakubwa acheni magari hapa, twende wote. Pumzika kwa amani, dada, na Jumatatu mafundi wao watatukuta tumesimama pale.